Ulimi Wapanda Darini

Fundi yeyote aliyefunzwa na marehemu Bibi Hedwiga wa Bombo utamjua siku anapomaliza gauni la bibi harusi. Kutwa nzima atatumia mkasi kama mafundi wengine, ila uzi wa mwisho, ule wa pindo la chini, mkasi hauugusi. Unakatwa kwa meno ya mbele, mbele ya wanawake waliokuja kushuhudia, bibi harusi amesimama juu ya kigoda na gauni lake mwilini. Bibi Hedwiga alisema mkasi unatenganisha, meno yanabariki. Alikoyatoa maneno hayo hakuna aliyemuuliza, maana alikuwa mkali. Uzi unasema kat, vigelegele vinapigwa, watu wanakunywa chai, basi.

Asteria alikuwa binti wa Bibi Hedwiga wa kumzaa, tena mwanafunzi wake wa kwanza, na katika wanafunzi wote ni yeye peke yake aliyekuwa hawezi kuukata uzi ule. Meno yake ya mbele hayakukutana. Akiuma, magego yanagusana vizuri tu, lakini mbele panabaki uwazi kama dirisha lililosahauliwa, na uzi unapita humo bila kubisha hodi. Kwa hiyo siku za magauni alikuwa anainama sana, anajifunika kanga usoni, anausogeza uzi pembeni na kuusaga kwa gego kama mbuzi anayekula kamba yake. Wanawake walijua. Walitazama paa kwa adabu mpaka amalize, ndipo wakapiga vigelegele.

Akicheka pia alijifunika, na kwa mtu anayecheka kama Asteria kanga ile ilikuwa ikipanda na kushuka kama bendera ya shule. Meno yalikuwa na kasoro, ila mdomo wenyewe haukuwa na kasoro hata kidogo. Kibanda chake cha cherehani kiko njiapanda ya kwenda kanisani, na habari ya Bombo ilikuwa bado si habari mpaka Asteria aiseme huku anakanyaga cherehani. Watu walileta suruali nzima zitiwe kiraka ili tu wajue nani kagombana na nani.

Mwanawe wa kwanza, Fredrick, aliye Arusha, ndiye aliyesema mama yangu hatazeeka akicheka nyuma ya pazia. Akampeleka kwa daktari wa kupanga meno, na Asteria akarudi mlimani na waya mdomoni, mwanamke mzima mwenye binti wa kuolewa. Watoto wa shule walikuja kuchungulia. Mwaka ukapita na ushei. Meno yakanyooka kama wanafunzi mstarini, mazuri kabisa, isipokuwa dirisha halikufunga.

Hapo ndipo binti yake Evaline, mwalimu wa shule ya msingi huko bondeni Kihurio, alipopanda mlima na kusema amechumbiwa, harusi ni Desemba, na gauni hatalivaa la mtu mwingine.

"La kwako, mama," alisema. "Na uzi uukate wewe."

Asteria alimkumbatia, akalia kidogo, akacheka kidogo, kanga juu kanga chini. Lakini usiku ule alilala akiwaza uzi. Magauni ya watoto wa watu alikuwa ameyakata kwa gego. Hili la mwanawe, hapana. Hili atalikata kwa meno ya mbele, uso wazi, kama mama yake.

*

Mwezi Juni aliteremka Same. Kule kuna kliniki ambako daktari wa meno aliyekuwa akimkazia waya hutoka Moshi mara moja kwa mwezi, na Asteria alivaa gauni lake la kanisani, maana huwezi kumfungulia mtu kinywa huku umevaa ovyo. Daktari alipiga picha ya taya, akaitazama kwenye mwanga, akaguna.

"Mama, mimi navuta huku," alisema. "Kuna mwingine anasukuma huku."

"Nani tena?"

Daktari akampa maji anywe, akamshika midomo kwa vidole na kuiachanisha kidogo, akamwambia ameze. Asteria akameza. Kwenye kioo alichoshikilia mwenyewe aliona ulimi wake ukija mbio mpaka dirishani na kuchungulia nje, mwekundu, kama jirani aliyesikia ugomvi.

"Huyo hapo," daktari akasema.

Akamweleza kwamba waya pekee hazitashinda. Ulimi ukiendelea hivyo, itabidi aweke geti, kijiuzio cha chuma nyuma ya meno ya mbele, kuuzuia usipite.

"Geti la chuma kinywani mwangu?"

"Dogo tu, mama."

"Hata dogo. Mimi si zizi."

"Basi nenda chumba cha pili kwa Husna. Ulimi ukijifunza, hatutahitaji geti."

Husna alikuwa binti mwenye ushungi wa bluu na sauti ya Tanga, ile inayosema mambo magumu kana kwamba inakukaribisha kahawa. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akamuuliza swali ambalo Asteria hakuwahi kuulizwa tangu azaliwe.

"Mama, ulimi wako unalala wapi?"

"Kinywani, mwanangu. Ulitaka ulale wapi?"

"Kinywa ni nyumba kubwa. Chumba gani?"

Asteria akanyamaza autafute. Aliukuta umelala sakafuni, miguu imetokeza mlangoni. Akaona aibu, kama mtu aliyekutwa na mgeni kitanda hakijatandikwa.

"Sema nana," Husna akasema.

"Nana."

"Umesikia ncha ilipogusa? Juu darini, nyuma kidogo ya meno, pale penye mikunjomikunjo. Pale ndipo kitandani kwake. Ulimi juu, wote, umejibandika darini. Midomo imefungwa. Pumzi puani. Na ukimeza, unabana juu, hausukumi mbele. Mtu anameza mate kutwa kucha bila kujua, na wewe kila ukimeza unayapiga meno teke."

Kisha akamfundisha kugonga. Unabandika ulimi wote darini, unauvuta, unauachia ghafla, unalia *ta*, kama mtu anayeswaga punda. Akampa na vipira vidogo mfano wa pete ya mtoto, ashike kimoja kwa ncha ya ulimi pale darini huku anameza. Asteria akaomba uzi, akakifunga kile kipira, asije akakimeza, na ncha ya uzi akaiacha inaning'inia nje ya midomo. Husna akasema hilo ni wazo zuri, hata wao hufanya hivyo.

"Na nikae hivi kwa muda gani?"

"Wakati wote kinywa kinapopumzika, mama. Mpaka ulimi uzoee wenyewe."

Asteria alitoka na bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya taya lake, akakaa kwenye benchi kungoja basi, akajipima kwa haki. Wakati wote kinywa kinapopumzika. Kinywa chake kilipumzika lini? Alijaribu kukumbuka, akakumbuka mara moja, alipougua mafua ya kukauka sauti. Basi njia ilikuwa moja. Atakipumzisha chote. Hatasema neno mpaka uzi ukatike.

*

Sasa, mtu wa mlimani ukimweleza kwamba fulani amefungwa jiwe mguuni anatembea nalo, ataamini. Ukimwambia Mama Fredrick amenyamaza, atasema toka hapa.

Alirudi Bombo jioni, watu wakamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake wateja wakaja kibandani na masikio yao tayari. Kimya. Cherehani tu inasema. Lukia, rafiki yake anayeuza tangawizi kibanda cha pili, alikuja na kigoda chake kama kawaida.

"Habari za Same, Mama Fredrick?"

Asteria akaonyesha mdomo wake, akatikisa kidole, akaonyesha chini kuelekea Same.

Lukia akatazama kidole kile. Akatazama bahasha ya kaki iliyoning'inizwa ukutani kwa pini. Akakumbuka gauni la kanisani siku ya Jumanne. Akainuka taratibu, akaacha hata kigoda.

Wapare wana utani wao wenyewe juu ya kesi. Aliyeibiwa kuku, husemwa, yuko tayari kuuza ng'ombe ili kesi ya kuku isikike vizuri. Na dalili zake zinajulikana. Mtu anayepiga kelele njiani kwamba atakushtaki, huyo nenda kalale. Hana kitu, anapoza moyo. Muogope aliyevaa nguo safi akateremka Same kwenye mahakama ya wilaya, akarudi na bahasha, akanyamaza. Huyo amekwisha kuambiwa na mwanasheria, mama, usifungue mdomo wako mpaka tarehe.

Kabla jua halijazama Bombo yote ilijua Mama Fredrick ana kesi. Kilichokuwa hakijulikani ni anamshtaki nani, na hapo kila mtu akaenda nyumbani kujikagua.

Wa kwanza kuja alikuwa Abednego, msimamizi wa ndiva, lile bwawa la juu linalogawia mashamba maji kwa zamu. Alivua kofia, akaketi, akaisifu cherehani, akausifu mlima, kisha akainama.

"Mama Fredrick, yale maji ya msimu wa maharage. Zamu yako nilimpa shemeji yangu. Nilidhani hutajua."

Asteria alikuwa hajui. Maharage yake yalipokauka alimlaumu shetani, akamlaumu na mbegu. Alitaka kusema, lakini kulikuwa na kipira darini na uzi unaning'inia mdomoni, kwa hiyo akatoa macho tu. Abednego hakuyastahimili macho yale.

"Utapata zamu mbili mfululizo," akasema. "Na mfereji nitakuzibulia mwenyewe. Ila hilo la uzi mdomoni sijalielewa, sitauliza."

Akaondoka. Asteria akashikwa na kicheko mpaka akashika meza. Lakini ukicheka, ulimi unashuka, na yeye alikuwa ameapa. Basi akajifunza siku ile kucheka puani, midomo imefungwa, mabega yanaruka, machozi yanatiririka. Lukia, akimchungulia kwa mbali, aliwaambia watu kwamba ameona Mama Fredrick analia kwa uchungu na kwamba kesi hiyo ni kubwa.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Elinaza, alikuja kusuluhisha.

"Mambo ya mlimani yamalizwe mlimani," alisema. "Same ni joto, Mama Fredrick. Watu wanagombana kule kwa sababu ya joto."

Asteria akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli Same ni joto.

"Na kama ni lile langu," mzee akaendelea, akishusha sauti, "lile la suti. Ndiyo, niliishonesha kwa fundi wa Ndungu. Kwako nilileta pindo tu. Nilikosea. Hata bega lake lilikaa vibaya, ulikuwa unaliona kila Jumapili unaniangalia."

Hapo Asteria alikaribia kuushusha ulimi. Maji ya ndiva sawa, lakini suti. Akameza hasira, na akagundua kwamba ameimeza sawasawa, ulimi umebana juu, meno hayakupigwa teke. Ilikuwa mara ya kwanza imekuja yenyewe. Akafurahi akamshika Mzee Elinaza mkono, na mzee akarudi nyumbani akimwambia mkewe kwamba yule mama ni mtu wa kusamehe lakini ametisha.

Sikukuu yenyewe ilikuwa Melkizedeki.

Melkizedeki ni jirani wa mpakani. Kati ya shamba lake na la Asteria kuna mstari wa masale, yale majani ya mpaka ambayo wazee waliyapanda na ambayo hayana miguu. Ila haya ya Melkizedeki, tangu mume wa Asteria afariki, yalikuwa kama yanatembea. Kila mvua za vuli yanasogea kidogo, kwa adabu. Asteria alihisi, akasema sana, na kwa kuwa alisema sana hakuna aliyejali.

Alifika saa ya kugonga. Asteria alikuwa na saa yake, jua likigusa kizingiti anaacha kushona anagonga ulimi mpaka livuke. Hakuona sababu ya kubadili kwa ajili ya mgeni.

"Shikamoo ya jirani," Melkizedeki akasema, ingawa ni mkubwa kwake. Akakaa pembeni ya kigoda. "Nimekuja tuongee kama watu."

*Ta*, ulimi ukasema.

Melkizedeki akashtuka.

"Sijasema nimekosa. Nasema masale huenda yalipandwa vibaya. Nitayarudisha mpaka kwenye ule mgomba mchanga."

*Ta.*

"Mama Fredrick, mgombani si padogo."

*Ta.*

"Haya, mpaka kwenye jiwe. Jiwe lile tulilokuwa tunanolea mapanga na marehemu mumeo."

*Ta*, tena safi, maana ulimi sasa ulikuwa unabandika vizuri kuliko siku zote, na Asteria mwenyewe aliifurahia akagonga nyingine. *Ta.*

Jasho likamtoka Melkizedeki, na huko juu hakuna joto.

"Unaninyonga," akasema. "Unajua unaninyonga. Basi mpaka kwenye mparachichi. Pale ndipo mpaka ulipokuwa, mimi najua, wewe unajua, na naona mwanasheria wako anajua. Mparachichi ni wenu."

Jua lilikuwa limevuka kizingiti. Asteria akaacha kugonga, akafunga midomo, akapumua puani.

Melkizedeki akausikiliza ukimya ule, akauona umekubali. Akainuka, akajifuta uso.

"Wewe ni mwanamke mgumu," alisema kwa heshima, akaenda kuchukua jembe.

Jioni ile Asteria alipanda kitandani akacheka puani mpaka kitanda kikalia.

*

Jumamosi moja Evaline alipanda kutoka Kihurio, miguu ina vumbi la bondeni, uso una mashaka.

"Mama, huko chini wananiuliza unamshtaki nani. Mama mkwe ameniita pembeni kuuliza kama ni wao. Mimi nimesema ni mazoezi ya ulimi, kama ulivyoniandikia, wakacheka, wakasema hawajawahi kusikia Mpare anafundisha ulimi wake kukaa. Kwa nini usiwaambie watu?"

Asteria alimtazama mwanawe. Akachukua chaki ya kuchorea kitambaa, akaandika mezani neno moja. *Uzi.*

Evaline alilisoma. Alikuwa amekaa kwenye kibanda kile tangu utotoni, ameona magauni mangapi, ameliona gego likisaga na wanawake wakitazama paa. Alivuta kigoda akakaa karibu na mama yake, na baada ya muda akajibandika ulimi darini, kujaribu. Wakakaa hivyo wawili, midomo imefungwa, kama watu waliokosana.

Kila asubuhi kabla ya chai Asteria alijipima. Anachukua uzi mweupe, anauweka mbele, anauma, anavuta. Uzi ulikuwa unapita kama maji ya mfereji. Julai nzima ukapita. Asubuhi moja ya Agosti yenye ukungu, uzi ulipita lakini ukakwaruza. Asteria akaurudisha. Ukakwaruza tena. Akatoka nje kwenye ukungu, akazunguka nyumba kwa mbio, mwanamke wa makamo na gauni la kulalia, akarudi ndani akanywa chai kwa heshima zote.

Alipoteremka Same tena, alifungulia kwa Husna kama ndiva iliyoondolewa kizuizi. Alisema ya Abednego, ya suti, ya masale, alisema mpaka ushungi wa Husna ukamteleza kichwani kwa kucheka.

"Lakini mama, mimi sikukuambia unyamaze. Nilisema ulimi ukae juu usipokuwa unaongea. Kuongea ongea kama kawaida yako."

"Kawaida yangu huijui, mwanangu."

Daktari alikagua, akampa maji, akamshika midomo. Asteria akameza. Kwenye kioo dirisha lilikuwa bado lipo, ila limebaki ufa, na ufa ulikuwa mtupu. Hakuna jirani aliyekuja kuchungulia.

"Waya bado zikae," daktari akasema. "Ila la geti tuliache kwanza. Naona waya sasa zinafanya kazi bila mpinzani."

"Sasa si unaweza kuongea?" Husna akamuuliza mlangoni.

Asteria akafikiri. Zamu za maji zilikuwa zinakuja kwa wakati. Mzee Elinaza alikuwa ameleta suti ifumuliwe mabega. Melkizedeki alikuwa anamsalimia akiwa mbali, kwa mikono miwili.

"Nikifungua mdomo watajua sina kesi," akasema. "Ngoja nifike Desemba."

*

Gauni lilimalizika Ijumaa mchana, kesho yake ndiyo harusi. Kibanda kilijaa wanawake mpaka wengine wakasimama kwenye vitambaa. Nje, chini ya upenu, walikuja wanaume pia, jambo ambalo si desturi. Abednego alikuwapo, na Mzee Elinaza ndani ya suti yake yenye mabega mapya, na Melkizedeki aliyebeba kapu la maparachichi yaliyotoka kwenye mti ambao sasa haukuwa wake. Lukia alikuwa amewaambia wote kwamba leo, kwa vyovyote, Mama Fredrick atasema.

Evaline alisimama juu ya kigoda. Gauni lilimkaa kama limeota mwilini. Asteria alipiga magoti, akapiga mshono wa mwisho wa pindo, akafunga fundo, akaachia sindano. Wanawake, kwa mazoea ya miaka, wakainua macho kutazama paa.

Asteria akaichukua kanga aliyojitanda, akaifunga kiunoni.

Lukia aliiona. Akashusha macho kutoka paani. Mmoja mmoja wote wakashusha.

Akainama, uso wazi, akauweka uzi kwenye meno ya mbele, akauma. Uzi ukateleza. Uliteleza upande, ukaingia chini ya kile kidude cha chuma kilichobandikwa kwenye jino, ukazunguka waya, ukanasa. Akavuta kichwa nyuma na pindo la gauni likamfuata. Akavuta tena, Evaline akayumba juu ya kigoda.

"Mama?"

"Mm."

"Umenasa?"

"Mm."

Fundi alikuwa ameshonwa kwenye gauni la mwanawe kwa mdomo.

"Leteni mkasi," mtu akasema nyuma.

Asteria aliinua kidole, bila kugeuka, na mkasi uliokuwa umeshikwa tayari ukarudi mezani. Nje Melkizedeki alimnong'oneza Abednego, "Nimekwambia. Hataki suluhu."

Ulimi ulikuwa unawasha. Ulitaka kwenda mlangoni kuangalia kulikoni, ukausukume uzi nje kwa ncha, kama ulivyozoea tangu utoto kusukuma kila kitu. Asteria aliusikia unaanza kunyanyuka sakafuni ulikokuwa umeshuka kwa hofu. Akafumba macho. *Nana*, akasema moyoni. Ulimi ukasita. *Nana.* Ukapanda darini, ukajibandika, ukalala kitandani kwake. Akapumua puani. Akauvuta uzi kwa mkono mpaka ukakaza, akausogeza taratibu kutoka kwenye kile kidude mpaka ukingoni mwa jino, akameza mate, na meno yakashuka yakakutana.

Kat.

Kilikuwa kisauti kidogo. Mpaka nje kilisikika.

Asteria akabaki ameshika ncha ya uzi. Aliitazama kama mtu anayetazama jina lake kwenye gazeti. Kisha akacheka, na safari hii haikuwa puani. Alicheka mdomo wazi, waya zote zinameta, na mkono wa Lukia kwa mazoea ulinyooka kumtafutia kanga amfunike, ukaikuta iko kiunoni, ukarudi bure. Vigelegele vilianza kwa Evaline mwenyewe, juu ya kigoda, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

Vilipopungua, Melkizedeki aliingiza kichwa mlangoni na kapu lake.

"Hongera, Mama Fredrick," alisema. "Sasa tuambie basi. Kesi itatajwa lini?"

"Kesi gani?" akasema Asteria.

Watu waliisikia sauti ile baada ya miezi wakasogea karibu, kama wanaosogelea moto.

"Kesi yako. Ya Same."

"Mimi nilikwenda Same kwa daktari wa meno, baba. Nilikuwa nafundishwa kumeza."

Melkizedeki aliweka kapu chini. Alimtazama Abednego, Abednego akamtazama Mzee Elinaza, na Mzee Elinaza akalitazama bega la suti yake.

"Kwa hiyo hukuwa na kesi yoyote."

"Sikuwa nayo hata moja," Asteria akasema. "Mkaniletea tatu, hapahapa kibandani, kila mtu na ya kwake."

"Na masale?"

"Yako wapi sasa?"

"Kwenye mparachichi."

"Basi yamefika nyumbani. Ingia unywe chai."

Melkizedeki alisimama mlangoni akipiga hesabu ya mgomba, jiwe na mparachichi, na jinsi alivyoyatoa mwenyewe moja baada ya jingine, na alipofika mwisho wa hesabu akaanza kucheka naye, kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya. Akaingia. Lukia alikuwa ameshavuta kigoda chake mpaka magotini pa Asteria.

"Haya," alisema. "Tangu Juni. Anza mwanzo, usiruke hata kidogo."

Asteria akashusha pumzi, akaweka miguu kwenye cherehani ingawa hapakuwa na kitu cha kushona, akaanza. Aliongea mpaka chai ikapoa. Na kila alipokatisha kidogo ili wao wacheke, alifunga midomo, na bila yeye kuutuma, ulimi ulipanda wenyewe darini ukangoja.